Geti la jirani linaninyima usingizi

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Uyole. Mimi nauza viazi, mume wangu anaendesha bodaboda. Jirani yangu tulianza naye kikoba wote hatuna kitu. Sasa parachichi zake za Rungwe zimemlipa: kapaua kwa bati la msauzi, kaweka geti, watoto wanafuatwa na basi la shule. Sisi hatulali njaa, lakini tangu geti lile lisimame sipati usingizi, kichwa kinagonga, namgombeza mume wangu bila sababu. Kikoba nimeacha ili nisionane naye. Nataka kukopa kausha damu niweke vigae sebuleni. Je, nina roho mbaya?*
*Mama wa Uyole*

Marahaba, mwanangu. Mwenye roho mbaya angeniomba dawa ya kumwangusha mwenzake. Wewe unataka usingizi tu.

Maumivu yako hata wasomi wanayajua. Mwaka 2005 mchumi Erzo Luttmer alionyesha kwamba kule Marekani, mapato ya majirani yakipanda, furaha ya mtu hushuka karibu sawa na vile mapato yake mwenyewe yangepungua. Na wanaoumia zaidi ni wale wanaotembeleana sana na majirani zao. Mwili nao haubaki nyuma. Uingereza, mtafiti wa afya Michael Marmot na wenzake walifuatilia watumishi wa serikali, wote wenye mishahara, wakakuta kadiri cheo kinavyoshuka ndivyo vifo vya moyo vinavyozidi. Kwa hiyo kichwa hicho usikidharau. Pita zahanati wakupime presha.

Ila huko ni kwao. Hapa jirani zetu Malawi, ng'ambo tu ya Kyela, watafiti Ravallion na Lokshin waliwauliza watu kama wanaridhika na maisha yao, wakakuta wengi hawaumizwi na jirani kufanikiwa. Walioumia ni wale wenye nafuu kidogo. Mimi sishangai. Mahali ambapo mtoto akiugua usiku unagonga mlango wa pili kuomba nauli, jirani mwenye kitu ni akiba yako pia. Wewe akiba hiyo umeikimbia mwenyewe ulipoacha kikoba.

Kausha damu kwa ajili ya vigae? Hapana, na hapa sibembelezi. Marejesho ya kila wiki yatakula mtaji wa viazi, na wakija kubeba kochi lako huyo wa getini atakuwa anaona.

Rudi kikoba, lipa faini ya utoro, kaa naye. Atakuuliza ulikuwa wapi. Mwambie ulikuwa na mawazo, inatosha. Kisha muulize miche iliyobebeshwa aliitoa wapi, na aliishije ile miaka mitatu hivi ya kungoja mti uanze kuzaa. Hiyo miaka wewe hukuiona, umeona geti tu. Kama kwenu kijijini kuna kipande cha ardhi, muulize pia kama kinafaa.

Na mume wako umwombe radhi leo jioni, kabla hajatoka na pikipiki. Yeye hana hata mti mmoja wa parachichi, unamgombeza kwa lipi?