Jibu: Kwa nini dirhamu ilishuka pamoja na dola

Dada, umeuliza kwa nini mapema 2024 dirhamu za mumeo kutoka Dubai zilianza kutoa shilingi chache za Kenya, ilhali huko Emirati hakukutokea lolote.

Dirhamu imefungwa kwa dola. Tangu 1997 dola 1 ni dirhamu 3.6725, haitikisiki. Kwa hiyo bei yake Nairobi ni bei ya dola tu, ukiigawa kwa hiyo 3.6725. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, dirhamu ikawa karibu 44. Mwishoni mwa Machi dola ilikuwa karibu 130, dirhamu ikabaki 35 na ushee.

Kilichobadilika ni shilingi yenyewe. Kenya ilidaiwa Yurobondi, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 ya kulipwa Juni, na wengi waliogopa kwamba haitaweza. Wenye dola wakazikumbatia. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya deni lile, Benki Kuu ikapandisha riba hadi asilimia 13, na wageni wakaleta dola kununua hatifungani ya miundombinu, yaani hati ya kuikopesha serikali, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18. Hofu ikaisha, waliozificha wakaziuza.

Riyali za Oman na Saudia zimefungwa vivyo hivyo. Yuro na pauni hazijafungwa, zina mwendo wao.

Ila tafadhali linganisha bei za mawakala kabla mumeo hajatuma. Wengine hutangaza kutuma bure kisha wanakukata kwenye bei ya kubadilisha, na ile ni jasho la mtu.