Jibu: Mbuzi wanakonda japo wanapewa dawa ya minyoo

Mkuu, umeuliza kwa nini mbuzi wako hapo Kigamboni wanazidi kukonda na kuvimba chini ya taya wakati unawapa wote albendazole kila mwezi. Naona ratiba hiyo ndiyo inayokuharibia. Kila unapowanywesha wote, inayosalia hai ni minyoo sugu, na mayai yake ndiyo yanayojaa malishoni.

Peleka kinyesi cha asubuhi hiyohiyo maabara ya mifugo pale Temeke, wahesabu mayai. Wape dawa kwa uzito uliopimwa kwa mzani, kisha rudisha sampuli za mbuzi walewale baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yakipungua kwa chini ya asilimia 95, dawa inashindwa. Daktari akuchagulie ya kundi jingine. Levamisole, dawa mojawapo ya minyoo ya kundi jingine, usikisie kipimo chake kabisa, ikizidi inaua mbuzi.

Waliovimba taya watibiwe leo, usisubiri majibu, maana wameishiwa damu. Wengine wafunue kope la chini: pakiwa pekundu mwache, pakiwa peupe mtibu. Na tafadhali, usiwapeleke malishoni kabla umande haujakauka.