Mtoto anakwenda chooni kila dakika kumi, na vipimo ni safi

Shangazi, binti yangu ana miaka mitano. Ghafla tu ameanza kwenda kukojoa kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, na akifika hutoa matone. Haumwi, hajikojolei, na usiku analala mpaka asubuhi. Hospitali walipima mkojo wakasema hana kitu. Mama mkwe anasema anadeka. Nimempunguzia maji, na juzi nilimchapa. Nifanyeje?
Mama aliyechoka

Pole sana, mdogo wangu. Najua umechoka, lakini fimbo iishe leo na maji mrudishie. Mtoto huyu hadeki. Ile haja anaihisi kweli, kibofu kinamwita kabla hakijajaa, na kwa umri wake hawezi kujua kwamba kinamdanganya. Ukimnyima maji, mkojo unakolea na choo kinakuwa kigumu, na utumbo uliojaa hukikandamiza kibofu, haja zikazidi. Mwombe radhi kwa kumchapa. Mwambie mwili wake ni mzima, na kwamba hata akisubiri kidogo hataumia.

Madaktari wa watoto wanaijua vizuri hali hii. Huwapata watoto wenye afya njema walioacha nepi zamani, hasa wa miaka 3 hadi 8. Huja ghafla, hukaa wiki kadhaa, pengine miezi, kisha huondoka yenyewe bila dawa. Wengine huirudia baadaye. Umeandika jambo moja kubwa kama la kupita tu: usiku analala. Mwenye kisukari hukojoa mkojo mwingi, usiku na mchana, na kiu haimwishi. Wako anatoa matone, tena mchana peke yake. Hata hivyo uliza kama kwenye kile kipimo walitazama na sukari.

Mara nyingi kuna kitu kilichomgusa mtoto: mdogo wake kazaliwa, kaanza shule, mmehama, kuna msiba, au wakubwa wanagombana wakidhani hasikii. Mara nyingine hutaona sababu yoyote. Usimkalishe kumhoji. Watoto husema mambo yao wakiwa wanaogeshwa au wanachezea kitu mkononi, basi kaa naye karibu, umwache aanze mwenyewe.

Kazi ngumu ni yako na ya bibi yake: kunyamaza. Msihesabu, msiulize "tena?", msigune anapoinuka. Kila mkimtazama anazidi kukisikiliza kibofu chake. Akitaka kwenda, aende, arudi kwenye mchezo wake, maneno yasiwepo. Mwalimu naye aambiwe pembeni, amruhusu kutoka bila kumtangaza mbele ya wenzake. Choo kikubwa kiangalie pia. Kama anapitisha siku bila kwenda au anajikamua, anza na hapo, kwa maji, matunda na mboga. Chai, kola na soda zenye kafeini ziache kwa sasa, maana zinakichokoza kibofu.

Lakini ukiona homa, maumivu wakati wa kukojoa, damu kwenye mkojo, mkojo unaotoka kwa kujikamua, miguu kulegea, au ameanza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, mrudishe hospitali bila kungoja. Na akiwa na kiu isiyokatika huku anakonda, mpeleke siku hiyo hiyo, awe amepimwa sukari kabla hamjarudi nyumbani.