Daktari Akikuandikia Kikundi Badala ya Vidonge

Kama unaishi Uingereza na daktari wako, baada ya kukupima damu na presha, amekuambia anataka uonane na mtu atakayekutafutia kikundi cha kuimba, kutembea, kudarizi au kufanya mazoezi, nakuomba usidhani amekufukuza ofisini kwa adabu. Najua inavyouma. Umeomba ruhusa kazini, umesubiri miadi, umeeleza usingizi uliokukimbia na magoti yanayowaka moto, halafu unasikia habari za kwaya. Mimi ni mjane, mzaliwa wa Tanga, natunza wazee kwa zamu za usiku katika mji wa katikati ya Uingereza. Nilipofiwa na mume wangu nilikuwa mtu wa kwenda kwa daktari kila mara na maumivu yanayohamahama: leo kichwa, kesho kifua, keshokutwa mgongo. Vipimo vyote vinarudi salama. Daktari ndiye aliyeniandikia kikundi, na kikundi kimenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Ndugu na marafiki wakiniuliza wajue nini, huwaambia hili kwanza: chagua kikundi ambacho usipofika utaulizwa. Shughuli yenyewe, iwe kudarizi au kunyoosha viungo, ina faida zake, na nitazieleza. Lakini mjane anayelala mchana na kufanya kazi usiku anaweza kupitisha wiki bila mtu hata mmoja kugundua kama yuko au hayuko. Mimi nilikosa siku moja kwa sababu ya homa, na kabla ya jioni simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Kihindi tunayekaa naye meza moja. Hakuwa na la maana, alitaka tu kujua mbona sikuonekana. Nyumbani Tanga ungekaa siku mbili bila kufungua mlango majirani wangeshagonga. Huku hilo halipatikani hivihivi, inabidi litafutwe.

Utaratibu wenyewe, ambao kwa Kiingereza huitwa social prescribing, ni huu. Mwaka 2019 serikali ya huku England iliuweka katika mpango wake mkuu wa muda mrefu wa huduma za afya, na iliahidi kuajiri zaidi ya wahudumu 1,000 wa kazi hii katika kliniki za mtaa. Mhudumu huyo si daktari wala mshauri wa akili. Kazi yake ni kukaa na wewe, kusikiliza maisha yako yakoje, kisha kukuunganisha na watu walio karibu nawe. Kwa Kiingereza huitwa link worker, mimi namwita mwelekezi. Wazo lilikuwepo muda mrefu kabla ya serikali kulichukua. Mashariki mwa London, eneo la Bromley by Bow, kanisa moja lilianza mwaka 1984 kufungua milango yake kwa majirani maskini, na miaka ilivyokwenda pakawa na kliniki, bustani na karakana za sanaa mahali pamoja, hata mtu aliyekuja kwa kikohozi akatoka na udongo wa ufinyanzi mikononi.

Huhitaji kusubiri daktari alianzishe. Kliniki nyingi ukiuliza mapokezi watakupa miadi na mwelekezi moja kwa moja. Kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, omba mkalimani. Ni haki yako na hulipi kitu. Usimchukue mtoto wako akutafsirie, maana kuna mambo utayameza mbele yake.

Jiandae kwa swali moja. Mwelekezi wangu aliniuliza ninapenda kufanya nini, nikakaa kimya muda mrefu. Miaka yote huku nilikuwa nimeulizwa ninaumwa wapi, ninalipwa kiasi gani, karatasi zangu zikoje. Hilo la kupenda sikuwa nalo tayari. Basi wewe lifikirie kabla hujaenda. Rudi nyuma, ulipokuwa msichana au kijana ulikuwa unatumia mikono na miguu yako kufanya nini bila kulazimishwa? Mimi nilikumbuka kufuma vitambaa na bibi yangu barazani. Mwenzangu mmoja wa Mombasa alikumbuka kuogelea. Mwambie pia vizuizi vyako waziwazi: zamu zako, nauli, magoti, kama hutaki kuchanganyika na wanaume katika mazoezi, kama Ijumaa mchana hupatikani, kama Ramadhani utahitaji saa nyingine. Asipojua atakupeleka palipo karibu tu.

Kwangu alianza na kwaya. Watu walikuwa wema, lakini nyimbo zilikuwa za kanisani na mimi ni Mwislamu, nikawa nafungua mdomo bila sauti. Nilimpigia nikamweleza. Hakukasirika hata kidogo, akanitafutia kikundi cha kudarizi na, siku nyingine ya wiki, mazoezi ya wanawake pekee. Wengi wetu tukikosa kupatana na kikundi cha kwanza tunanyamaza kwa heshima, tunaacha kwenda, halafu tunasema dawa hii haifanyi kazi. Mrudie mwelekezi, ndiyo kazi yake.

Mazoezi yetu huanza mmekaa vitini. Mnazungusha mabega, mnainua visigino, mnanyanyuka kitini na kukaa tena bila kushika, kisha mnasimama mkifuata muziki, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Ukiangalia kwa mbali unaona mchezo wa watoto. Lakini kunyanyuka kitini bila kushika ndiko kutakakokuwezesha kwenda chooni mwenyewe ukifika miaka 80, na mimi ninayeinua wazee usiku kucha najua thamani yake. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio 108 yenye wazee zaidi ya 23,000 wanaoishi majumbani kwao, wakaona mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa nguvu ya wastani kila wiki, na wenye umri wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kujisawazisha mara tatu kwa wiki. Peke yangu sebuleni nisingefikisha hata robo.

Kwa upande wa sanaa, ofisi ya Ulaya ya shirika hilohilo ilitoa ripoti Novemba 2019 iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Na kuna mifano inayogusa ugonjwa mahususi. Huko Brooklyn, tangu 2001, wacheza dansi wa kundi la Mark Morris wanafundisha watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao miguu yao hugoma ghafla katikati ya hatua; mdundo huisaidia kuondoka tena. Mwaka 2020 kampuni ya opera ya London, English National Opera, ilishirikiana na hospitali za Imperial College kuwafundisha kupumua kwa njia ya uimbaji watu waliobaki na dhiki ya pumzi baada ya Covid. Montreal, tangu 2018, madaktari waliweza kumwandikia mgonjwa tiketi ya bure ya jumba la sanaa. Ushahidi haulingani nguvu, sitawaficha. Wa mazoezi na kuanguka ni mzito. Wa kudarizi na huzuni ni mwepesi zaidi, ingawa nafsi yangu inaushuhudia. Lakini utafiti ninaoukumbuka zaidi haukuhusu sanaa wala mazoezi. Ulitoka 2010, uliunganisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya laki tatu, na ukaona kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50.

Ndiyo maana nasema: usiondoke kabla ya chai. Kipindi kikiisha watu hubaki nusu saa hivi na vikombe vyao, na wageni kama sisi tunakimbilia basi. Baki. Hapo ndipo watu wanajua jina lako, hapo ndipo namba za simu zinabadilishwa. Na siku ya kwanza mwombe mwelekezi akupeleke mwenyewe hadi mlangoni, au akupe jina la mtu atakayekupokea. Mlango wa ukumbi uliojaa wageni ni mzito kuliko mazoezi yote yanayofuata.

Sasa la ndugu. Nilikuwa nimekwisha kutoka eda, miezi minne na siku kumi imepita, lakini niliposema kwenye simu kwamba nakwenda mazoezi yenye muziki, shemeji yangu akauliza kama mjane anakwenda kucheza. Wifi akanyamaza, na kunyamaza kwake kuliuma zaidi. Wanawake wengi wa kwetu wanaacha hapa. Mimi nilijibu, “Shemeji, daktari ameniandikia.” Akasema basi, kama ni daktari, fuata masharti. Tangu siku hiyo ananiuliza kama nimekwenda. Mkono wa daktari unafungua ruhusa ambayo mjane, mama wa watoto wadogo, au mwanamume anayeona haya kuonekana mpweke hawezi kujipa mwenyewe. Tumia ruhusa hiyo bila aibu.

Wanaume, mnaoniambia hamwezi kukaa kwenye duara na kueleza hisia, nendeni parkrun, mbio za pamoja za mtaani. Ilianza Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Sasa iko miji mingi, kila Jumamosi, saa tatu asubuhi kwa huku England, kilomita 5, bure. Tangu 2018 kliniki zinaweza kujiunga rasmi na parkrun ya mtaani kwao ili ziwaelekeze wagonjwa huko. Unaruhusiwa kutembea mwanzo mwisho, na daima kuna mtu wa kujitolea anayetembea nyuma ya wote, kwa hiyo huwezi kuwa wa mwisho hata ukitaka.

Mambo matatu ya tahadhari nayasema haraka. Usiache dawa zako za presha, sukari au huzuni kwa sababu kikundi kimekuchangamsha, zungumza na daktari kwanza. Ukibanwa kifua au ukipata kizunguzungu, simama na umwambie kiongozi. Na ukiwa na mawazo ya kujitoa uhai, usingoje kikundi: piga 111 uchague huduma ya afya ya akili, au 116 123 kwa Samaritans, shirika linalowasikiliza wenye dhiki, usiku na mchana, na maisha yakiwa hatarini sasa hivi piga 999.

Uliza pia kikundi kinaisha lini. Vingi hulipiwa kwa wiki kadhaa tu, fedha zikiisha watu wanatawanyika, na kwa mtu aliyefiwa huo ni msiba wa pili. Sisi tuliona mwisho unakuja, tukaanza kuchanga kidogo kidogo na kukutana kwenye maktaba ya mtaa.

Kwa mliobaki nyumbani: malighafi mnayo kuliko huku. Dar es Salaam vikundi vya jogging vimejaa, wana fulana zao, wanazikana na kuchangiana harusi. Zanzibar kila Januari 1 vikundi vya mazoezi hufurika barabarani. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi nchi nzima. Kuna kwaya, kuna lelemama, kuna akina mama wanaosuka ukili na wanaoshona kofia pamoja. Kinachokosekana ni uzi wa kutoka chumba cha daktari hadi kwao. Mama yangu mdogo, mwenye sukari, ameambiwa “fanya mazoezi” kliniki kila anapokwenda, na hajaambiwa wapi wala na nani.

Kwa hiyo wewe muuguzi, wewe mhudumu wa afya wa mtaa unayesoma hapa, naomba ufanye hivi wiki hii. Watafute viongozi wa vikundi vitatu au vinne vilivyo karibu na zahanati yako, waulize kama watampokea mtu mwenye presha au magoti mabovu na kama wanajua kumwanzisha polepole. Kisha, mgonjwa akikaa mbele yako, mwandikie kwenye cheti chake jina la kikundi, siku, saa, simu ya kiongozi, na jina la mtu atakayemsubiri.