Kabati la sigara nyuma ya kaunta

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Nina duka la rejareja hapa Langoni, Lamu. Kabati la sigara nililoletewa na wakala limetundikwa nyuma yangu, juu kidogo ya mitungi ya peremende, na lina taa yake. Mwalimu wa madrasa ya jirani ameniomba niliondoe kwa sababu ya watoto. Nikizificha sigara, sitapoteza wateja?

Mwenye duka, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam. Hofu hiyo waliwahi kuwa nayo wenzako wa ng'ambo. Aisilandi ilipiga marufuku kuanika sigara madukani mwaka 2001. Huko England maduka makubwa yalianza Aprili 2012, na madogo kama lako yakafuata Aprili 2015. Ayalandi, iliyoziondoa mwaka 2009, watafiti hawakuona mauzo yakiporomoka, ila vijana waliokumbuka kuziona sigara zimepangwa dukani walishuka kutoka asilimia 81 hadi 22.

Hilo halishangazi. Mvutaji huja na noti yake mkononi, akaitaja sigara anayoitaka kabla hata hajakusalimu, na wala hana haja ya kuonyeshwa. Anayeonyeshwa ni yule mtoto aliyetumwa sukari robo na kibiriti, ambaye wakati wewe unapima, yeye amesimama akiitazama ile taa. Ndiyo maana nchi wanachama wa Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, zilikubaliana mjini Durban mwaka 2008 kwamba kuanika sigara dukani ni tangazo, sawa na bango.

Kwa hiyo mwombaji wako hakukosea. Ziweke kwenye droo yenye kufuli na uandike bei kwa kalamu ya kawaida kwenye karatasi ndogo. Kabla ya kulishusha kabati, hata hivyo, tazama kama ulitia sahihi makubaliano yoyote na wakala, kisha umrudishie mali yake kwa maandishi, asije akakudai.

Kuna jambo hukuliuliza, nami sitalinyamazia: ikiwa ndani ya kabati hilo mna pakiti iliyofunguliwa ya kuuzia sigara mojamoja, hiyo iondoe leo, kwa maana Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye chini ya sigara kumi, kama inavyokataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, hata akisema ametumwa na babake.