Barua kwa mwanangu: Benchi la seremala lisilocheza

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Umesema meza uliyoipigilia kwenye chumba cha uani huko Chumbageni inacheza kila ukipiga randa, ukauliza kama uongeze misumari au ununue mbao ngumu utengeneze nyingine, na vanishi gani uipake.

Misumari usiongeze hata mmoja. Randa inasukuma mbele na kurudi nyuma mamia ya mara kwa siku, na kila msukumo unapanua tundu la msumari kidogo. Hapo hapo hewa ya bahari nayo inafanya kazi yake: masika mbao inavimba, kaskazi inanywea, na chumvi inaula msumari polepole. Mwisho miguu inafunguka kama mkasi. Meza hiyo ifanye ya kuwekea makopo ya rangi, kisha utengeneze benchi la kuunga kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao iliyochongwa ikiingia kwenye shimo la mbao nyingine.

Kwa kuwa uko Tanga watakushawishi ununue tiki ya shamba la Longuza, au mkongo. Ni mbao nzuri mno, na kwa sababu hiyo ziachie milango na vitanda vya wateja. Benchi linataka uzito na unyofu kuliko ugumu. Tena uso wake ukiwa mgumu kuliko mbao unayoifunga juu yake, kazi ya mteja ndiyo itakayobonyea. Paini inayoshuka kutoka Shume, Lushoto, inakutosha. Chukua mbao za inchi mbili kwa sita za futi 12, vipande vitano, na mbili kwa nne za futi 12, vipande viwili. Chagua zisizo na moyo wa gogo katikati, maana hizo hupasuka, na kataa yenye fundo kubwa ukingoni.

Halafu usizikate. Paini nyingi madukani bado ni mbichi, na hapa ndipo mabenchi mengi yanapoharibika kabla hayajaanza. Zipange kivulini, juu ya matofali, na kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vyenye unene mmoja, kila futi mbili, kijiti juu ya kijiti. Pembeni weka kipande kifupi cha mbao hiyo hiyo, ncha zake umezipaka rangi kisikauke upesi kuliko nyingine, na ukipime kwenye mizani ya jikoni kila Ijumaa. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo, mbao ziko tayari. Huenda ikawa miezi miwili, huenda mitatu. Sikiliza mizani, si kalenda. Ukiunga mbichi, gundi itaonekana imeshika siku hiyo, kisha nyufa zitafunguka kaskazi ikiingia.

Kimo kipime mwilini mwako. Simama wima na viatu vya kazi, acha mkono uning'inie, upime kutoka sakafuni hadi pale pa kuvalia saa. Kwa wengi wetu ni kati ya sentimita 80 na 87. Benchi refu kuliko hapo linakufanya usukume randa kwa mabega peke yake, na likiwa fupi sana mgongo utalipa.

Uso wa benchi uwe na urefu wa sentimita 180 na upana wa 55. Pasua vipande vinne vya mbili kwa sita katikati kwa urefu, kisha kata kila kipande nusu kwa nusu: utapata vipande 16 vya futi sita. Vilaze kwa ubavu, ule upana wa inchi tatu uwe ndio unene wa uso. Ukishapiga randa, vipande 12 vinakufikisha kwenye upana huo na unene wa sentimita 6.5 hadi 7. Vinavyobaki ni vya akiba, na utavihitaji.

Kabla ya kugusa gundi, chora mshale kwenye kila kipande kuonyesha upande ambao randa inateleza bila kung'oa nyuzi. Mishale yote ielekee upande mmoja. Ukiacha jambo hili, siku ya kusawazisha uso randa italainisha kipande kimoja na kuchana cha jirani yake, na hakuna dawa. Kisha shikanisha vipande viwili viwili mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya katikati, bado. Usitegemee kibanio kuziba uwazi, kwa sababu kitabana leo na mbao itarudi kwenye umbo lake baadaye. Gundi nyeupe ya mbao inakauka haraka kwenye joto letu, kwa hiyo unga vipande vitatu au vinne kwa mara moja, asubuhi na mapema, halafu unganisha mafungu. Vibanio vikipungua, zungusha kamba ya katani mara mbili, penyeza kijiti na uisokote mpaka ilie, kisha gonga kabari chini yake.

Kila mguu ni vipande viwili vya mbili kwa nne vilivyogandishwa pamoja. Ukate uzidi kimo chako kwa sentimita moja, kwa sababu ulimi wake wa juu unapita ndani ya uso na kutokeza. Miguu ya mbele ikae sawasawa na ukingo wa uso, kama walivyofanya Wafaransa wa karne ya 18, ili ubao mrefu ukiufunga wima uegemee uso na mguu kwa pamoja. Mbili kwa sita ya tano inatoa mataruma yote manne ya chini, yaani mbao zinazounganisha miguu: mawili marefu ya sentimita 126 na mawili mafupi ya 45, pamoja na ndimi zake. Marefu yaanze sentimita 10 kutoka sakafuni, mafupi yaanze 28, ndimi zisigongane ndani ya mguu. Unene wa ulimi uwe sawa na patasi yako ya robo tatu ya inchi. Usipime mwingine, tundu litafuata patasi.

Sasa kiungo chenyewe. Toboa mguu tundu la milimita 10 likivuka shimo la ulimi. Ingiza ulimi mkavu, gonga kidogo ncha ya keekee kupitia tundu hilo ili iache alama, kisha utoe ulimi. Usitoboe kwenye alama. Sogea milimita 2 kuelekea bega la ulimi, pale ulimi unapoanzia, utoboe hapo. Chonga kigingi cha mkongo, kikwangue ncha kama penseli butu, ukipigilie. Kigingi kitajipinda kikipita, na kikijipinda kinavuta bega la ulimi kwenye mguu mpaka mstari uwe mwembamba kama unywele. Ukizidisha hadi milimita 4, kigingi kitavunjika ndani au ulimi utapasuka.

Juu, miguu ya mbele ikaze kwa gundi na vigingi. Ya nyuma acha tundu liwe refu kwa milimita 5 kuelekea mbele, bila gundi, ili uso upate pa kupumulia masika. Pigilia mbao juu ya mataruma kama rafu na upakie matofali ya saruji. Mchanga kwenye viroba usiweke, utavuja na kuua makali ya randa.

Kwa kufungia kazi, jiliwa la inchi 7 kushoto linatosha. Ongeza kizuio cha mkongo cha sentimita 5 kwa 5 kinachopita kwa kubana kwenye tundu la mraba. Unakigonga kutoka chini kikihitajika. Mhunzi akukunjie kulabu mbili za nondo laini za kukandamiza kazi juu ya benchi, na matundu yake kwenye uso yazidi unene wa chuma kwa milimita 1 tu, la sivyo hazitauma.

Kusawazisha: weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa benchi, uinamishe jicho. Kingo zake zisipolingana, uso umejipinda. Piga randa kwa mshazari kwanza, mwisho kwa urefu. Msasa usiguse uso huo; punje zake hubaki ndani ya nyuzi na kula makali kwa miaka.

Vanishi pia hapana, kazi itateleza. Changanya mafuta ya kitani yaliyochemshwa na tarpentaini nusu kwa nusu, paka, subiri dakika 20, futa yote. Rudia baada ya siku mbili. Chini ya uso nako paka vilevile, upande mmoja usinyonye unyevu kuliko mwingine. Nyayo za miguu zisimamishe kwenye oili chafu usiku kucha kwa ajili ya mchwa. Usiipandishe juu, itachafua kazi. Na vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pembeni kwenye maranda. Vikirundikana hujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Vianike kimoja kimoja nje, juu ya ukuta, mpaka vikakamae.

Ukishanunua mbao, niandikie uzito wa kile kipande kila Ijumaa.

Baba yako