Kabla hujamwambia mgonjwa "acha hiyo"

Wadogo zangu mnaoripoti kazini Dodoma, iwe hospitali ya wilaya au zahanati ya kijiji ambako basi linapita mara moja kwa siku, mtakutana na mambo ambayo chuoni hamkuyasoma. Insulini, dawa ya kisukari ya kuchoma, imefichwa mtungini. Bomba la kupimia dawa ya mtoto limechorwa mstari kwa rangi ya kucha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo amekalishwa kwenye ndoo iliyokatwa upande mmoja na kuzungushiwa matambara. Kinachowajia haraka ni kukemea. Msiwe na haraka hiyo. Salimia kwanza, shikamoo, na kwa wazee wa Kigogo "mbukwenyi" inafungua milango mingi, kisha sema: "Mama, hebu nionyeshe unavyofanya nyumbani." Nasisitiza aonyeshe. Akieleza kwa mdomo atakupa jibu analodhani unalitaka. Akishika vifaa mwenyewe utaona hata yale asiyojua kwamba anayafanya.

Tuanze na mtungi, kwa sababu wengi wenu mtaupinga na mtakuwa mmekosea nusu. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Sasa mwambie bibi wa kijijini Chamwino "weka kwenye friji" halafu umwangalie usoni. Friji hana. Wengine huomba nafasi kwenye friji ya soda dukani, na huko mwenye duka akipanga bidhaa zake anaisukuma chupa hadi inagusana na barafu. Insulini ikishaganda imeharibika, na ikiyeyuka bado haifai, ingawa kwa macho inaweza kuonekana nzima.

Ndiyo maana watu hurudi kwenye vyungu. Mtungi uliotengenezwa vizuri unakuwa hivi: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kuna kitambaa kibichi. Dawa inakaa kwenye kopo lenye mfuniko ili isilowe. Maji yanapokauka kupitia udongo yanaondoka na joto, na ndani panapoa. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alisambaza vyungu vya namna hii kwa wakulima wa mboga kaskazini mwa nchi yake miaka ya 1990, na mwaka 2000 akapata Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Kwetu hapa vinafanya kazi vizuri kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu, hasa ile Oktoba na Novemba ambapo bati linaunguza na mvua bado. Peleka vyungu hivyohivyo Tanga wakati wa masika, hewa imejaa unyevu, vitapoza kidogo sana. Kwa hiyo ukihamishwa mkoa usiuhamishe na ushauri huu.

Lakini mtungi haufiki nyuzi 8. Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Uliza umewekwa wapi: kivulini penye upepo, au kwenye chumba cha bati kisicho na dirisha? Mchanga una maji sasa hivi au ulimwagiwa juzi? Tarehe ya kufungua chupa imeandikwa? Chupa iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida huvumilia takribani wiki 4 nje ya friji, mradi joto lisizidi kama nyuzi 30, na hapo ndipo mtungi unapookoa. Chupa za akiba ndizo za kuzifikiria. Mimi huongea na mfamasia ili mgonjwa wa aina hii achukue chache, nyingine zibaki kwenye friji ya dawa ya kituo. Na sukari ikipanda ghafla kwa mgonjwa aliyekuwa ametulia, omba uione chupa kabla hujapandisha dozi. Insulini inayotakiwa kuwa kama maji ikiwa na ukungu, au ile yenye rangi ya maziwa ikiwa na chembe zinazonata kwenye kioo hata baada ya kuiviringisha taratibu viganjani, tupa.

Sasa ya chupa ya soda, ambayo wengine huitumia kumpa mtoto dawa ya pumu. Mtoto wa pumu akipuliziwa dawa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa inaishia kwenye ulimi na koo. Anahitaji kifaa cha katikati cha kuitunza ile dawa hewani wakati anavuta pumzi, na kifaa hicho dukani ni ghali, mara nyingi hakipo kabisa. Baba mmoja, fundi baiskeli, alipoona wodini tunatumia chupa ya plastiki ya nusu lita, alirudi na yake kabla hatujamfundisha. Alikunja spoku ya baiskeli kwa umbo la mdomo wa pampu ya dawa, akaipasha kwenye jiko la mkaa, akaibandika kwenye kitako cha chupa. Tundu likatoka sawasawa, pampu ikaingia kwa kubana. Pembeni akaziba kwa gundi. Mtoto anavuta kupitia mdomo wa chupa. Huu si ujanja wa kuonewa huruma: daktari wa watoto Heather Zar na wenzake walioupima kwa watoto wenye shambulio la pumu Cape Town, Afrika Kusini, matokeo yakachapishwa mwaka 1999, walikuta chupa ya plastiki iliyozibwa vizuri inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Yule baba nilimrekebishia kitu kimoja tu. Alikuwa anaifuta chupa kwa kitambaa hadi ing'ae. Plastiki ikisuguliwa inapata chaji ya umeme inayovuta dawa, dawa inabaki kwenye ukuta wa chupa. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe. Na mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo kwenye chupa anahitaji barakoa, hapo usimkubalie mzazi kubahatisha.

Ile ndoo ya mtoto nitaipita haraka: angalia kama miguu inafika chini, kingo zimefunikwa, ngozi ya makalio haina wekundu, na mtoto hakai humo mchana kutwa. Mpeleke kwa wa fiziotherapia pamoja na ndoo yake, wataiboresha.

Wagonjwa wa kiharusi wapo wengi, na wanaowalisha ni mabinti na wakwe. Maji mepesi yanakimbia kooni haraka kuliko mgonjwa anavyoweza kuyadhibiti, ndiyo maana anapaliwa na maji lakini uji mzito unapita. Nimeona mkwe akimlisha mama mkwe wake ugali wa uwele laini uliozama kwenye mlenda, tonge dogo dogo, na mgonjwa hakohoi. Hakuna aliyemfundisha. Mimi ningekuja na karatasi ya maelekezo yenye vyakula ambavyo nyumba ile haivijui. Alichokosa ni kumkalisha wima wakati wa kula na kumwacha akae wima kwa muda baada ya kula; alikuwa anamlisha akiwa amelala kwenye mto.

Kwa wanaotumia ARV, kopo linacheza kama kayamba ndani ya mkoba, na jirani kwenye daladala anaelewa. Basi watu huhamishia vidonge kwenye kitambaa au kikaratasi. Usihutubie juu ya unyanyapaa. Mwambie achukue vya siku chache tu, vilivyobaki vikae kwenye kopo lake, limefungwa, pamoja na kile kipakiti kidogo cha kukausha unyevu.

Sasa upande mwingine, maana nisije nikaeleweka kwamba kila kinachobuniwa nyumbani ni kizuri. Huku kwetu na Singida wapo wanaoamini kwamba lawalawa, muwasho na maambukizi ya sehemu za siri za mtoto wa kike, dawa yake ni kumkeketa. Hilo halina majadiliano. Kukeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Wapo pia wanaomkata mtoto kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Hata hapa swali langu ni lilelile, walikuwa wanatatua nini? Mtoto alikuwa anajikuna kweli. Alikuwa anakohoa kweli. Ukimtibu maambukizi yake akapona mbele ya bibi yake, umeongea zaidi ya bango la ukutani. Ukifoka bila kutibu, watampeleka usiku. Na ukiona dalili kwamba mtoto yuko hatarini, mwone afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni daftari. Mgonjwa wetu anatembea na lile daftari la shule lenye historia yake yote, na asubuhi atakutana na mwenzako wa zamu ambaye hajui habari ya mtungi wala chupa. Andika humo: "Anahifadhi insulini kwenye mtungi, nimeukagua, uko sawa, anachukua chupa chache." Usipoandika, ataambiwa atupe, na anayeambiwa mambo mawili na watu wawili wenye sare moja huwa anaacha kutuonyesha. Andika kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, si kwa vifupisho vyetu, kwa sababu anayemsomea bibi nyumbani ni mjukuu wa darasa la sita.